Kiapo Juu ya Sahani ya Muntaha

Weka kijiko chini kidogo, ndugu msomaji, unisikilize. Kisa hiki ni cha nyumba ya Dhaifullah, hapa kwetu Karak, kusini mwa Jordan, na kila mmoja wetu mtaani alichangia kukipika.

Ijumaa moja asubuhi, Muntaha alikuwa kibarazani akichambua majani ya mzabibu, mguu mmoja juu ya kigoda kwa sababu ya goti. Mumewe Dhaifullah, sajini mstaafu aliyeendesha malori ya jeshi kwa miaka ishirini na miwili, alikuwa akimwagilia mnanaa wake na kuusemesha kama mtoto. Simu ikalia. Ilikuwa hospitali ya jeshi, Amman. Zamu imefika: baada ya wiki mbili Muntaha afike apasuliwe, apunguzwe mfuko wa tumbo ili uzito ushuke.

Muntaha alilia palepale. Alikuwa na kilo mia na thelathini na sita, alikuwa na kisukari, na pumzi yake ilikatika usingizini hata mumewe akazoea kulala na mkono begani mwake ili amtikise. Lakini hakulilia hayo. Kwa miaka sita alikuwa akisali juu ya kiti, asiweze kusujudu.

"Nataka paji langu la uso liguse chini," alikuwa amemwambia daktari siku ya mahojiano, "kabla watu hawajaja kulilaza chini wao."

Walikuwa wamejiandaa kwa miezi minane. Walipanda basi kwenda Amman kwa vipimo vya moyo, damu, na mpira wa kamera ulioshuka kooni. Luteni Ibtihal, msichana wa sare na miwani aliyesimamia lishe, alimfundisha Muntaha kutafuna kila tonge mara ishirini na kunywa maji mbali na chakula.

"Mama Laith, wiki mbili za mwisho ni vinywaji tu," alimwonya. "Supu iliyochujwa na maziwa yasiyo na mafuta. Ini lako limenenepa, limelala mbele ya tumbo kama ng'ombe mlangoni. Ukifunga hivyo litasinyaa, daktari apate njia. Usipofunga, tutakurudisha nyumbani, na jina lako liende mwisho wa orodha."

"Hata zeituni moja?"

"Hata kokwa yake usilambe."

Muntaha akacheka, akaapa, na baada ya simu ile akatimiza kwa siku nane. Siku ya tisa tukaingia sisi.

Mutib, kaka mkubwa wa Dhaifullah, alichinja kondoo kwa ajili ya usalama wa shemeji yake. Sinia likaletwa: mkate mwembamba chini, mlima wa wali juu yake, nyama, na mchuzi wa mtindi ukitoa moshi. Muntaha akatoa chupa ya supu kwenye mkoba.

"Hiyo nini, shemeji?" Mutib aliuliza. "Dawa ya kuoshea madirisha?"

"Supu yangu. Mengine wamenikataza mpaka siku yenyewe."

"Nimechinja kwa ajili yako, halafu unywe maji ya sufuria nyumbani kwangu? Watu watasemaje?"

"Tonge moja tu, wifi," alidakia Nawfa, mke wa Mutib. "Tumbo lenyewe linakatwa. Liage vizuri!"

Wanawake tukacheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe.

"Siwezi, jamani," alisema Muntaha.

Mutib akasimama. "Talaka inanilazimu! Hutoki humu hujala!"

Kicheko kikakatika. Unakijua kiapo hiki cha wanaume wetu: mgeni akikataa, ndoa ya mwenye kuapa ndiyo inayoingia hatarini. Macho yote yakamgeukia Nawfa, mama wa watoto saba, ambaye sasa alikuwa ameshika kilemba chake kwa mikono miwili. Ndoa yake ilikuwa imewekwa ndani ya tonge la wali. Muntaha akamtazama mumewe. Dhaifullah akatazama zulia.

Muntaha akala. Na mlango mmoja ukafungua mingine. "Kwa Mutib ulikula, kwetu unatudharau?" Siku nne, nyumba tatu, viapo vitatu.

Hospitalini Luteni Ibtihal alimwuliza, "Ulifuata, Mama?"

Muntaha angewasemaje watu wake mbele ya mgeni? "Nilifuata, mwanangu."

Akaingizwa chumba cha upasuaji, na Dhaifullah akaambiwa asubiri kwa muda wa saa mbili. Baada ya dakika arobaini daktari mpasuaji, kanali mwenye mvi, akatoka. Dhaifullah akasimama wima kama aliye kwenye gwaride.

"Mkeo mzima," alisema kanali. "Lakini sikumfanya kitu. Njoo uone."

Akamwonyesha picha iliyopigwa na kamera ndani ya tumbo. Dhaifullah aliona kitu kikubwa cha manjano, kinene, kinachong'aa, kimefunika kila kitu. Rangi hiyo aliijua. Alikuwa ameikata mara nyingi kwenye mikia ya kondoo.

"Hili ni ini la mkeo. Nililisogeza kidogo tu, likavuja damu. Ningelazimisha, ningekukabidhi maiti."

Kwa sajini ilikuwa kana kwamba ameonyeshwa nyumba yake yote ikiwa uchi. "Sisi ndio tuliomlisha," alisema, na akasimulia viapo vyote bila kuficha.

Kanali naye ni mtoto wa kusini. Viapo hivyo alivikuta kwa baba yake. "Sajini, ini ni kiumbe cha ajabu. Lipe wiki mbili tu za kupumzika, linaanza kurudi. Sijui kiungo kingine chenye msamaha kama huo. Jina la mkeo litarudi mwisho wa orodha, hilo siwezi kulibadilisha. Likija tena tukakuta hivi, sitamgusa tena."

Miezi saba ilipita. Simu ya hospitali ilipolia tena, Dhaifullah hakumwagilia mnanaa siku hiyo. Alifunga kilemba chake, akaenda kwa Mutib, ambako wanaume wa ukoo walikuwa wamekusanyika. Akamiminiwa kahawa. Akakipokea kikombe, akakiweka chini mbele yake bila kukigusisha mdomoni.

Baraza lote likamgeukia. Mgeni akiweka kahawa chini ana ombi, na mwenyeji asipolikubali fedheha ni yake.

"Kunywa, ndugu yangu," alisema Mutib. "Haja yako imekubaliwa."

"Isikie kwanza." Akatoa picha, ikapita mkono kwa mkono.

"Mkia wa kondoo gani huu?" aliuliza Mutib.

"Si mkia, kaka. Ni ini la Muntaha."

Mutib aliishika picha karibu, kisha mbali, kisha karibu tena.

"Naomba wiki mbili," alisema Dhaifullah. "Asiape mtu juu ya sahani ya mke wangu. Anayetaka kumkirimu, aje atembee naye."

"Talaka inani..." alianza Mutib kwa mazoea.

"Koma!" Nawfa alifoka kutoka nyuma ya pazia. "Ndoa yangu si mwiko wa kukorogea wali!"

Wanaume wakaangua kicheko, na Mutib mwenyewe akacheka huku akijifuta macho. "Basi naapa kwa Mungu tu. Hakuna atakayemlisha. Kunywa sasa." Dhaifullah akainywa, ingawa ilikuwa imekwishapoa.

Siku kumi na nne tulimzungusha Muntaha kando ya ukuta wa ngome kongwe ya mji, zamu kwa zamu. Nawfa alimchujia supu kwa mkono wake.

"Ulifuata, Mama?" aliuliza Luteni.

"Usiniulize mimi. Uliza mtaa mzima!"

Upasuaji ulipokwisha, kanali aliweka picha mbili mezani. Katika ya pili ini lilikuwa jekundu lililokolea, ukingo wake mwembamba, limeinuliwa kando kama pazia. "Nimepasua watu miaka thelathini," alisema polepole, "na jambo hili bado hunistaajabisha." Dhaifullah alikuwa akisema "Subhanallah" moyoni, tena na tena, kama mtu aliyesahau maneno mengine.

Ijumaa moja, miezi minane baadaye, Muntaha alisali sebuleni kwa Nawfa. Akainama, akapiga magoti, na paji likagusa zulia. Alikaa hapo muda mrefu hata Nawfa akaingiwa na hofu. Alipomaliza sala na kutugeukia, usoni alikuwa na machozi, na kwenye paji alama za nyuzi za zulia.

Mutib alimletea wali ndani ya kisahani cha kahawa, vijiko vitatu tu.

"Karibu, shemeji," alisema. "Ukishiba, sema."

FUNZO

Ukarimu usiosikiliza ni ukatili uliovaa kanzu safi. Mgonjwa akisema "nimekatazwa," hilo ni neno kamili. Usilijibu kwa kiapo, wala usiiweke ndoa ya mtu ndani ya kijiko. Nawe mgonjwa, usimfiche daktari kwa kuwaonea aibu jamaa zako, maana kamera itayaona uliyoyanyamazia. Mungu ameumba mwili wenye kusamehe haraka kuliko sisi. Tusiuchokoze msamaha huo kwa sinia la pili.