Kaburi la Mgomba

Siku ya tisa udongo wa Nkombo ukitetemeka, jua likizama, Primitive alishuka kumfungua mbuzi wake. Mlima wa Goma ulikwisha kutema moto, na kisiwa kizima kilisema sasa ni zamu ya ziwa. Watu walilala uani. Nyumba nani angeiamini?

Mbuzi alifungwa karibu na kaburi la mumewe, Cubaka. Kaburi, lakini Cubaka mwenyewe hayumo. Askari walimchukua kubeba mizigo Congo, miaka mitatu kimya, basi mama mkwe akashikilia lake: mwili usipopatikana huzikwa shina la mgomba, linaliliwa na kuitwa jina la mtu. Primitive alikataa. "Na kama ni muzima?" Nani alimsikiliza? Mke na neno la ukoo, wapi na wapi!

Mbuzi alikuwa amekata kamba.

Kaburi lilikuwa wazi... limepasuka katikati, likitoa harufu ya yai bovu. Akachungulia. Blanketi walilolizungushia shina limo.

Shina halimo.

Wee! Alipanda kilima bila kutazama nyuma. Mtoto wake yuko juu kule!

Uani kulikuwa na vigelegele. Mwanamume mkondefu ameketi mkekani, mama mkwe akilia magotini pake. Cubaka! Kovu lilelile juu ya nyusi.

"Maman Uwizeye," akasema polepole, "unaogopa nini? Ni miye."

Primitive akaangua kilio cha furaha. Miaka mitatu alikuwa akimwomba Mungu jambo hilo moja tu.

Mwanamume akanyoosha mikono. "Leta mutoto nimubebe."

Primitive akamwinua Uwizeye, binti wa miaka minne.

Ndipo sauti ikapanda kutoka kule chini, kaburini. Hafifu. Ya Cubaka.

"Maman Uwizeye... usimupe mutoto... unitoe..."

Majirani waliendelea kushangilia. Mama mkwe peke yake aliacha kulia, akainamisha uso.

Primitive akageuka ashuke. Alipiga hatua mbili tu. Udongo ukanguruma, migomba ikalala, na kule chini kitu kikajifunga.

Pu!

Kisha kimya. Kisiwa hakikutetemeka tena, na majirani wakamshukuru Mungu mara mbili. Primitive alimfunga mtoto mgongoni kwa kitenge, akakaa macho wazi hadi asubuhi. Mwanamume alikuwa akimtazama tu, mikono bado ameinyoosha.