Anayeitika Mpungani

Uwanda wa Usangu ni tambarare. Hauna kilima wala ukuta wa kurudisha sauti. Ndiyo maana Mbuke alipopiga kelele ya kufukuza ndege, kwelea kwelea, asubuhi ile, "Haaa-yaa!", na kelele ikarudi kutoka katikati ya mpunga, alicheka kwanza. Alidhani ni jirani yake Lusia anamtania. Akageuka, akamwona Lusia upande mwingine kabisa, amechuchumaa anakunywa uji.

Sauti iliyorudi ilikuwa yake mwenyewe, na mafua yake humo humo.

Hakumwambia mtu. Siku hiyo hakuna ndege hata mmoja aliyetua kwenye majaruba yake ya mpunga, ilhali kwa Lusia walimwagika kama mvua. Tusimlaumu. Ng'ombe waliokuja nao kutoka Shinyanga walikwisha kwa ukame, mpunga wa mwaka jana uliliwa na ndege hao hao, na sasa yeye na mumewe Shigela walibaki na huu tu, ambao punje zake zilikuwa zimeanza kujaa maziwa. Kama sauti hiyo ni ya jini anayetaka kumwamia ndege shambani, na aamie!

Lakini jini hafanyi kibarua cha bure. Haikupita wiki, ile sauti ikawa inaanza kabla Mbuke hajafungua mdomo. Maji ya jaruba yakanuka manyoya yaliyoungua. Kisha, mchana kweupe, sauti ikatamka jina la binti yake mdogo: "Sarah. Sarah, mwanangu."

Lusia naye aliisikia. Akaja mbio juu ya tuta, akanong'ona, "Mama Sarah, huyo ni jini mwenye bonde hili. Mpe jogoo mweupe. Kwetu tunatoa tangu enzi za mama. Zimwi likujualo halikuli likakwisha."

"Mama yako alimpa nini?"

Lusia akatazama pembeni. "Alianza na jogoo."

"Na wewe mwaka huu?"

"Alitaka nisichoweza kutoa. Ndiyo maana amehamia kwako."

Mbuke alipomweleza mumewe, Shigela aliweka kikombe cha chai chini.

"Tuombe, Baba Sarah."

"Mwaka jana si tuliomba? Tukalala njaa. Kesho alfajiri naenda kutafuta huyo jogoo."

"Na akimaliza jogoo?"

Alfajiri Shigela akaondoka kumtafuta jogoo.

Asubuhi Mbuke alimketisha Sarah kwenye tuta, akapiga kelele yake ya kwanza. Kutoka mpungani sauti yake ikajibu, laini, yenye maumivu: "Sarah, njoo unishike mkono, mama nimeanguka." Alipogeuka, tuta lilikuwa tupu. Akajitosa majini akiita "Sarah!", na kushoto kukaitwa Sarah, na kulia kukaitwa Sarah, na kila alivyozidi kuita ndivyo wale akina Mbuke walivyozidi kuwa wengi, na kilio cha mtoto kikawa kinasogea kwao na kumwacha yeye, mpaka akapiga magoti kwenye tope akaanza kwa nguvu zake zote, "Baba yetu uliye mbinguni," na mpunga wote ukaomba pamoja naye, kwa sauti yake, kisha ukamtangulia, ukafika "Amina" yeye akiwa bado kwenye mkate wa kila siku.

Hapo ndipo alipoelewa. Kila alichokuwa nacho jini yule kilitoka kooni mwa Mbuke. Hofu yake ndiyo ilikuwa ikimlisha. Akinyamaza, jini atakosa cha kumwitia mtoto, lakini ndege watashuka. Msimu utaliwa.

Akaingiza upindo wa kanga mdomoni, akauma.

Mungu wangu, alisema moyoni, huyu anasikia mdomo tu. Wewe unasikia huku ndani. Mtoto ni wako, na njaa yetu unaijua.

Sauti zikaendelea kidogo, zikipungua kama redio inayoishiwa betri. Zikakoma. Kisha jua likafifia, ndege wakashuka wote kwa pamoja, na Mbuke akasikia mpunga wake ukikatika pande zote. Alilia bila kutoa sauti.

Maji yakachapwa karibu yake. Sarah akatokea, tope mpaka kifuani.

"Mama, ulikuwa unaniita kila mahali. Uliponyamaza ndiyo nikakuona."

Mbuke akamkumbatia.

Shigela akaja mbio juu ya tuta, jogoo mweupe kwapani. Aliona ndege, akaona mpunga, akavuta pumzi kifua kizima ili apige kelele. Mbuke akamziba mdomo kwa kiganja chenye tope.

"Waache wale mpunga," akamnong'oneza sikioni.

Shigela akamtazama Sarah, akatazama matope ya mtoto, akaelewa nusu ya yaliyotokea. "Tutakula nini?"

"Sijui. Mungu anajua. Mwachilie jogoo aende zake, tushike njia."

Walitembea watatu kurudi nyumbani, wameshikana mikono. Nyuma yao, katikati ya mpunga, kitu kikavuta pumzi ndefu, kikingoja mmoja wao apaze sauti. Hakuna aliyepaza.