Mwanamke wa Nyumba ya Pampu

"Laki nne zangu, Rula! Zote, leo hii!"

"Laki nne umelipia kazi, na kazi umepata. Kama umeichoka, weka maua juu yake."

Mwenye hoteli alikuwa amekibwaga kile kijumba cha mfano juu ya meza ya fundi Rula kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza. Kilikuwa kijumba kizuri, hilo hata yeye hakulikana. Nyumba ya pampu ya zamani, kutoka enzi za treni za moshi: mnara wa mviringo wa matofali mekundu, tangi la chuma juu yake, mlango mmoja, dirisha moja la nondo. Rula aliiona ile nyumba Jumapili moja akizurura na pikipiki yake porini, maana ndiyo starehe yake, kusaka majengo yaliyosahauliwa, ayapime, arudi ayajenge upya madogo kwa plaiwudi na puti.

"Yule mwanamke wa puti ulimgandisha wapi?" mwenye hoteli akauliza.

"Kizingitini. Amekaa."

"Haya, tazama mwenyewe."

Rula akainama. Kizingitini palikuwa na doa la gundi kavu tu. Mwanamke alikuwa ndani, nyuma ya nondo, amesimama.

"Umemchokonoa wewe."

"Nimchokonoe na nini? Paa umeligandisha wewe, mlango umeugandisha wewe, hata kidole cha mtoto mchanga hakipiti. Na mapokezi yangu yananuka kutu mbichi, wageni wananihama. Niambie, bwana. Huyu mwanamke umemtoa wapi?"

"Kichwani mwangu. Nimemtunga."

Masikio yakamwaka moto. Rula hakuwa mtu wa uongo. Alikuwa mtu wa kumwambia mteja usoni kwamba wazo lake ni bovu na hela zake azirudishe mfukoni, na jina lile la Rula walimpa kwa sababu mambo yake yalikuwa yamenyooka. Basi akafanya afanyavyo mtu aliyeshikwa pabaya: akafoka. Alifoka mpaka mwenye hoteli akarudi nyuma hadi mlangoni.

"Hela kula," mwenye hoteli akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Kula zote. Lakini hicho kidude si changu tena."

Akaondoka bila kugeuka.

Karakana ya Rula ilikuwa sebule ya nyumba yake. Chumba cha pili alilala yeye na mkewe, na cha tatu alikuwamo mama mkwe, aliyekuja kukaa nao baada ya kupasuliwa macho. Macho yamefungwa bandeji, lakini masikio na ulimi viko kazini kutwa nzima. Rula alimheshimu mno. Mbele yake hata kupiga chafya alijibana.

Kesho yake, jua la utosi, mtaa umenyamaza kwa joto, mke yuko sokoni, Rula alikuwa anapiga msasa kipande cha mbao aliposikia sauti nyembamba kama ya mbu ikitoka mezani.

"Hodi."

Msasa ukasimama. Harufu ya kutu ikampanda puani, kutu ya chuma kilicholala majini.

"Hodi, wenyewe."

Akauma midomo. Hakujibu, kwa sababu alijua, wala msiniulize alijuaje, kwamba asipojibu hakuna kitakachotokea. Lakini chumbani kulikuwa na mama wa watu aliyelelewa akaleleka, ambaye mgeni hajawahi kupiga hodi kwake akaachwa nje.

"Karibu!" mama mkwe akaitikia. "Karibu ndani! Rula, baba, umelala? Mgeni huyo anapigwa na jua!"

Mlango wa kijumba ukapasuka gundi, ta, kama ganda la karanga. Hakutoka mtu. Ila harufu ile ikampita Rula begani, nzito, yenye unyevu, na sakafuni nyayo za maji zikaanza kujitokeza moja baada ya nyingine, nyayo za mtu mzima, zikivuka vumbi la mbao bila haraka, zikapita kwenye pazia, na pazia likasogea pembeni kama linavyosogezwa na mkono wa mtu mwenye adabu.

"Keti, mwanangu, keti hapo kwenye kiti cha kamba," akamsikia mama mkwe. "Mbona mkono baridi hivi? Maskini. Rula! Mbona hukusema mnafahamiana? Anasema ulifika kwake."

Rula akashika ukingo wa meza.

"Anasema uliingia bila hodi."

Hapo ndipo mkewe alipoingia na kikapu, akilalamika bei ya nyanya, na Rula akageuka kwa furaha ya mtu anayezama aliyeona kamba, akamtazama mkewe, mwanamke aliyeamka naye asubuhi ile ile, na pale palipokuwa na macho yale aliyoyapenda na pua ile aliyozoea kuitania na mdomo ule uliokuwa bado unasema habari za nyanya hapakuwa na kitu, palikuwa laini patupu, pamepakwa puti na kusuguliwa kwa msasa mwembamba kabisa, kazi safi, kazi ya mkono wake mwenyewe.

Akapiga yowe.

"Una nini wewe?" ule ulaini ukasema kwa sauti ya mkewe. "Mume wangu, mbona unaniogopa?"

Akakimbiza macho ukutani, kwenye picha ya harusi yao. Suti yake ipo, gauni lipo, vichwa viwili vipo. Nyuso hazipo.

"Rula," mama mkwe akaita, na safari hii hakumwita baba. "Njoo hapa. Keti chini. Umemfanya nini huyu mgeni, binti wa watu?"

Akaketi sakafuni. Kando ya mama mkwe kiti kilikuwa kitupu, lakini kamba zake zilikuwa zimebonyea, na maji yakidondoka chini yake.

"Nilidhani ni kichaa tu anayelala kwenye gofu," akaanza, akitazama magoti yake. "Alikuwa amekaa kizingitini. Akasema, kaka, usinipige picha, hapa ni kwangu. Nikamwambia sawa. Nikasogea kando, nikajifanya napima dirisha, nikampiga picha."

"Kwa nini, baba?"

"Nilihitaji kipimo, mama. Ukiwa na mtu kwenye picha, unajua mlango una urefu gani."

"Kipimo," mama mkwe akarudia taratibu, kama mtu aliyetafuna jiwe kwenye wali. "Halafu?"

"Halafu nikamchonga. Wateja walimsifu kuliko nyumba yenyewe. Nikasema nimemtunga. Kichwa chake kilikuwa kama punje ya mtama, nikaona nani atachungulia, nikakiacha hivyo hivyo. Bila uso."

Mlangoni mkewe alikuwa analia. Rula hakuthubutu kugeuka kuona machozi yanatokea wapi.

"Basi mpe," mama mkwe akasema. "Umechukua, rudisha. Leta vyombo vyako."

Akaleta lenzi, sindano na brashi ya unywele mmoja. Alipokiangalia kijumba, mwanamke alikuwa amerudi kizingitini, amekaa, kichwa chake laini kimeinuliwa juu, kinangoja. Rula akasogeza sindano. Akaikumbuka siku ile yote: bega la mwanamke lilifika tofali la nne chini ya dirisha, goti lilikuwa sawa na bawaba ya chini, na alipoinua mkono kumkataza, kiganja kilifunika nondo mbili kamili. Akatafuta uso. Akatafuta tena. Akatoa simu, akafungua ile picha: mwanamke alikuwa amejifunika uso kwa viganja vyote viwili.

"Alikuwa na sura gani, baba?" mama mkwe akauliza.

Sindano ikamtoka mkononi.

"Sijui, mama," akasema, na sauti ikawa ya mtoto aliyekojoa mbele za watu. "Sikumtazama."

Kiti kitupu kikalia, kama mtu ameinuka. Kilichosimama hapo hakikuwa tena na sauti ya mbu.

"Nipe uso wangu."