Godoro Juu ya Keria

Kila jioni, baada ya kuteka maji na kuwafungia kuku, Fabiola aliingia chumbani mwa wazazi wake pale Nangara, karibu na mji wa Babati, akafungua sanduku na kunusa kanga ya mama yake. Ulikuwa mwezi wa sita tangu mama apelekwe hospitali Arusha, akiwa amevunjika paja. Harufu yake ilizidi kufifia. Siku hizi Fabiola aliikunjua kanga kidogo tu, harufu isije ikaisha kabla mwenyewe hajarudi.

Kwenda kumwona haikuwa rahisi. Ulikuwa mwaka 1983. Sabuni ilipatikana kwa foleni, na petroli kwa kibali. Basi liliweza kulala Babati wiki nzima kwa kukosa mafuta. Gari la uhakika lilikuwa Land Rover ya zahanati ya parokia, ambayo Sista Kandida aliiendesha mwenyewe kila mwezi kwenda Arusha kuchukua dawa. Baba yake Fabiola, Mzee Paskali, alimwomba amchukue binti yake, naye akakubali.

"Ila sikiliza, mwanangu," Sista alimwambia Fabiola. "Nimepewa lita arobaini na tano, za kwenda na kurudi na akiba kidogo. Arusha sitapata hata tone. Ndani tutajaza makasha ya chupa tupu za dawa. Juu ya paa, kwenye keria, sitaki kitu zaidi ya tairi la akiba."

"Hata kitu chepesi, Sista?"

"Hata chepesi. Gari likikimbia, upepo unalirudisha nyuma. Ukiweka kitu juu, umeupa upepo mahali pa kushika."

Fabiola aliitikia, lakini moyo wake ulikuwa kwingine. Katika barua yake ya mwisho mama alisema mgongo unamuuma kwa kulala sana. Na nyumbani kulikuwa na godoro la sufi, laini, ambalo Fabiola aliweza kulibeba kichwani peke yake. Litawezaje kulielemea gari zima?

Siku ya safari alimsaidia baba yake kulifikisha kwenye uwanja wa zahanati kungali giza. Baba alidhani Sista ameruhusu, akaagana na binti yake na kuwahi shambani. Sista alikuwa kanisani akisali. Fabiola alipanda keria, akalisimamisha godoro lililokunjwa nyuma ya tairi la akiba na kulifunga kwa kamba. Sista alipotoka, aliwasha gari bila kutazama juu.

Walipofika tambarare za Minjingu, upepo ulikuwa unavuma kutoka mbele. Sista aliendesha kwa utulivu. Akiona ng'ombe mbele alitoa mguu kwenye mafuta mapema, gari likapunguza mwendo lenyewe bila breki. Hata hivyo, mshale wa mafuta ulizidi kushuka. Walipoingia kwenye lami ya Makuyuni alitia gia ya nne. Injini ikasuasua, gari likazidi kupoteza nguvu. Akarudi gia ya tatu, injini ikanguruma kwa hasira. Akajaribu tena ya nne. Ikakataa.

Sista akasogeza gari pembeni, akazima.

"Hapa tulipaswa kuwa na zaidi ya robo tatu ya tangi," alisema taratibu. "Tumeshakaribia nusu. Tukiendelea, hatutafika nyumbani. Gari lina ugonjwa nisioujua. Pole sana, mwanangu. Tunarudi."

Fabiola alitazama barabara nyeusi iliyonyooka kuelekea Arusha. Mama alikuwa huko mbele. Angekaa kimya, labda Sista asingejua mpaka wafike Babati. Lakini dawa je? Aliwakumbuka watoto waliopangwa kwenye benchi la zahanati, wakihema kwa homa.

"Sista," alisema, machozi yakimlengalenga, "gari si gonjwa. Nimefunga godoro la mama juu."

Sista alishuka, akatazama. Kisha akasema, "Panda ulifungue."

Waliliacha kwa Mama Naitoti, muuza maziwa wa kando ya barabara aliyefahamiana na Sista, alitunze mpaka litakapopatikana basi la kulirudisha. Sista akatia gia ya nne tena. Safari hii ilikubali. Aliendesha kwa mwendo ule ule mmoja, bila papara, injini ikiimba chini chini.

Hospitalini, mama alikuwa amelala chali, mguu umening'inizwa juu. Aliona mtu mlangoni, akakunja uso kama asiyeamini.

"Fabi? Umerefuka hivi?"

Fabiola aliinamisha kichwa kifuani pake. Alimweleza yote, hata la godoro. Mama alimpapasa shingo, akasema daktari amemwahidi kutoka baada ya Pasaka. Zilibaki wiki tisa. Saa moja waliyopewa ikaisha upesi mno.

Jioni waliingia Babati, mshale umelala chini kabisa, makasha yamejaa dawa. Fabiola alishindwa kunyamaza.

"Sista, mbona hukunipiga?"

"Ulikosea ulipoficha," Sista alijibu, "na kosa lako limekula mafuta ambayo hayarudi. Lakini ulisema ukweli tukiwa bado na nusu tangi. Ungesema tukiwa tumekwama, ukweli wako usingemfikisha mtu popote. Ukikosea tena, maana utakosea, usingoje. Sema mapema, kungali na la kufanya."

Fabiola aliitikia, akashuka kumsaidia kubeba makasha. Wiki tisa, alihesabu moyoni. Wiki tisa tu.