Udongo wa Tanuru la Mjomba

Kilichomponza fundi Makali ni uvivu. Udongo wa kuhimili moto ulikuwa unauzwa mjini, naye akaona aende mjini kufanya nini, ilhali tanuru la marehemu mjomba wake limekaa bure kwenye kibanda cha uani? Akalibomoa, akasaga udongo wake, akaukanda kwa ajili ya tanuru lake jipya la gesi.

Mengine aliyafanya kwa adabu ya fundi. Mtungi mkuukuu wa gesi aliujaza maji siku nzima ili gesi iliyobaki itoke, ndipo akaukata mdomo. Akaupaka udongo ndani, akatoboa tundu la bomba. Mkewe, mwenye mimba ya miezi saba, alimtania kwamba ametengeneza jiko la kupikia misumari.

Jua likizama aliingia karakanani, akawasha. Moto ukanguruma vizuri. Kipande cha springi ya gari kikaiva, akakifua mpaka kikaanza kupata sura ya kisu. Kwa leo yatosha, akajisemea, akafunga koki ya gesi.

Moto haukuzimika.

Akachomoa mpira, akausukuma mtungi wenye gesi hadi pembeni. Moto ukaendelea kuwaka, ila sasa haukunguruma. Ulikuwa unapumua... fuu... fuu... kama mivukuto ya wahunzi wa zamani. Na harufu iliyojaa chumbani haikuwa ya gesi.

Ilikuwa ya mkaa.

Akaukimbilia mlango. Ni bati tu lililopigiliwa kwenye mbao, halina kitasa wala komeo. Akausukuma kwa bega, akaupiga teke. Haukutikisika hata kidogo.

Hapo akakumbuka. Mjomba, mhunzi wa miaka arobaini, alikaa siku tatu mbele ya tanuru lile akidai mlango wa kibanda umegoma. Watu wakasema ni uzee. Siku ya tatu Makali alimpelekea chakula. Aliposukuma, mlango ulifunguka kiasi cha kiganja, na mzee akamkaripia kutoka ndani: "Rudi nyumbani. Usiingie."

Makali alikasirika, akaondoka. Kesho yake wakamkuta mzee amekufa juu ya kigoda, moto ungali unawaka na mkaa umeisha zamani. Makali ndiye aliyeumwagia ndoo ya maji, akadhani yamekwisha.

"Baba kijacho," mkewe akaita kutoka nje. "Mbona kimya? Chakula kinapoa."

Mlango uliomshinda yeye ukafunguka kiasi cha kiganja. Upepo wa jioni ukampiga usoni. Akatamani kulia.

Nyuma yake moto ukanong'ona.

"Mwache aingie... wewe utoke."

Haikuwa sauti ya mjomba. Heri ingekuwa ya mjomba.

Makali akauona mkono wa mkewe umeshika ukingo wa bati, na nyuma yake lile tumbo lililotangulia. Hatua moja tu, naye angekuwa huru.

"Rudi nyumbani," akasema, kwa ukali ambao hakujua anao. "Usiingie."

Mkewe akasonya, na kandambili zake zikasikika zikienda zao. Mlango ukajifunga. Makali akaketi kuukabili moto, machozi yakimtoka, akimshukuru Mungu kwa kumpa mke mwenye hasira.

Kandambili zikasimama.

Zikaanza kurudi.