Basi Lililooshwa kwa Maji ya Moto

Ladislaus alipowasha hita asubuhi ile, basi dogo la kubebea wazee lilinuka damu. Alifungua madirisha yote, baridi ya Alby, kitongoji cha Stockholm, ikaingia, lakini harufu haikutoka.

Gari lenyewe alilijua. Kiangazi kilichopita mtu mmoja mwenye chuki zake aliliiba, akalivurumisha kwenye umati uliokuwa ukinunua samaki uwanjani, akaua watu watano. Na wakubwa walifanya nini? Walikunywa kahawa. Waliunda kamati, kamati ikazaa kamati ndogo, mkurugenzi wa usafiri akahutubia mpaka wafiwa wakapiga miayo. Kisha gari likaoshwa kwa maji ya kuchemka, likapakwa rangi ya njano, likarudishwa kazini. Eti gari halina hatia. Ama kweli, kusoma kwingi si akili.

Hajara, Mganda aliyewasaidia wazee kupanda, alishika mdomo aliposikia habari ya maji hayo. Kwao hata jikoni mtu hamwagi maji ya moto bila bismillahi, maana hujui unamuunguza nani. Sembuse juu ya damu ya watu, bila dua, bila chembe ya ubani!

"Kaka Ladislaus," alinong'ona, "jini alikuja kunywa damu, wakamchoma. Sasa amehamia humu."

Ladislaus, Mkatoliki wa Bukoba, alimcheka. Jioni hakucheka tena. Walipokaribia kituo cha treni usukani ulianza kuvuta kuelekea kwa watu, polepole, kwa adabu, kama ng'ombe anayejua njia ya kisimani, na kule nyuma kwenye viti vitupu kitu kikawa kinahema, na kadiri watu walivyozidi ndivyo kilivyohema kwa pupa, na harufu ikamkaba koo, mpaka akauegemea usukani kwa kifua chote akimwita Bikira Maria, ndipo gari likanyooka.

Kesho yake Hajara alileta chetezo. Ubani ulipofuka, kiti cha nyuma kikaanza kulia, na harufu ikapungua. Kile kitu kilikuwa kinatoka, wallahi kilikuwa kinatoka! Mara mkurugenzi huyo, pua juu. Akasema ndani ya gari la ofisi ni marufuku kuchoma chochote, akakimwagia chetezo kahawa yake. Ladislaus alimweleza yote, akaambiwa apumzishe akili.

Novemba, siku ya kuwakumbuka marehemu, mkurugenzi aliagiza basi lipelekwe uwanjani mbele ya watu, waone kwamba ofisi haiogopi. Ladislaus alikataa kuligusa. Sikio la kufa halisikii dawa: mkurugenzi alichukua funguo akaendesha mwenyewe.

Mbele kabisa uwanjani ilisimama kwaya ya shule, na ndani yake Clementina, mtoto pekee wa Ladislaus. Baba alifika mbio.

"Toka hapo, mwanangu."

"Nej, pappa," mtoto alikataa kwa Kiswidi, akiona aibu mbele ya wenzake.

Akambeba mzobemzobe. Nyuma yao basi likakata kona, polepole, kwa adabu ileile, halafu likaongeza mwendo. Wimbo ukakatika.

Mkurugenzi alishuka mzima, hana hata mchubuko, akirudia kwamba usukani ulivuta wenyewe. Kabla hata maiti hazijafunikwa zote, ofisi ilikuwa imeshaleta mipira ya maji, na maji yanatoa mvuke. Hajara aliwasihi wasimwage. Wakamwomba kwa upole arudi nyuma ya kamba.

Jumatatu kamati ilikaa, ikachagua rangi ya kijani.