Walinificha Msiba wa Mama

Nina miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Kondoa. Mume wangu aliponitelekeza, nilikwenda Omani kufanya kazi za ndani. Mama, aliyekuwa akiugua moyo, nilimwacha kwa kaka yangu Rajabu.

Kila jioni nilimpigia mama. Kisha simu zikaanza kupokelewa na kaka. Mara mama amelala, mara daktari amemkataza kuongea... Basi nikawa namrekodia maneno na kuyatuma kwenye simu ya kaka. Nilimwimbia hata nyimbo zake za kupura uwele! Kaka alinijibu: “Amesikia, mdogo wangu. Anakuombea dua.”

Siku za mapumziko niliungana na Watanzania wenzangu nyumbani kwa Mama Salma, mtu wa Singida. Tulipika ugali, tukaliwazana. Ijumaa moja nilikuwa nikiwaigiza mabosi wetu, wenzangu wakacheka hadi machozi. Binti mmoja mgeni, jirani wa kaka yangu aliyetoka Kondoa wiki hiyo, hakucheka.

“Dada, Warangi tuna roho ngumu, lakini wewe umezidi! Mama yako hata arobaini bado, nawe unachekesha watu?”

Nilimwambia utani mwingine hautaniwi. Akaduwaa. “Kwani hujaambiwa? Mbona tumezika!”

Niliuweka chini mwiko wa ugali, nikachukua simu.

Nilimpigia kaka hapo hapo. Alilia. Alisema wazee walikubaliana nisiambiwe mpaka nimalize mkataba, maana aliye mbali akipewa habari ya msiba atachanganyikiwa peke yake. Ndivyo tufanyavyo kwetu, na tunaita huruma! Huruma gani ya kumwacha mtu amwimbie marehemu?

Tena sikuwa peke yangu. Wenzangu walitandika mikeka, wakamsomea mama hitima. Wakristo nao walikesha nami jikoni. Mama Salma alikwenda mwenyewe kwa bosi wangu kuniombea ruhusa ya kufiwa.

Nilimuuliza kaka swali moja tu: mama aliniulizia?

Akasema mama aliomba simu aongee nami, akaomba tena na tena. Hawakumpa... Waliogopa nisije nikasikia anavyohema.

Wasomaji wenzangu, mkiwa na ndugu ughaibuni, msimwamulie kilio chake. Mwambieni, kisha watafuteni watu wa kwao huko wamshike mkono. Na mgonjwa akiomba simu, mpeni! Mimi ningeusikiliza mhemo ule mpaka mwisho. Ulikuwa wa mama yangu.